Kidonge Kisichouliza Kama Umekula

Mpendwa mama mukubwa,

Mwaka ule kampuni ya migodi ilipoacha kulipa mishahara, nyumba yetu ya Lubumbashi ilikula kwa délestage, kwa zamu kama mgao wa umeme: leo watoto, kesho wakubwa. Wewe ulisimamia zamu kwa haki kuliko serikali yoyote niliyoijua, jambo ambalo, kusema kweli, halikuwa gumu.

Kila asubuhi ulimeza kidonge chako cha ugonjwa wa sukari. Nikikuuliza kama umekula, ulijibu, "Nilishakula. Weye angalia redio zako." Nami niliamini. Nilikuwa fundi wa redio aliyejiona daktari kwa sababu ya kitabu kimoja cha tiba cha Kifaransa nilichokiokoa kwa muuza karanga, aliyekuwa akikichana kufungia karanga zake.

Kisha siku moja ukaanguka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, jasho likikutoka, mikono ikitetemeka, maneno hayashikamani. Nikatangaza kwamba sukari imepanda. Nilikuwa nimekifikisha kidonge cha pili mdomoni mwako, ndipo jirani yetu Mama Béa, muuguzi, akanishika mkono. Akaniuliza ulikula nini. Nikasema bukari, ugali wetu wa kila siku, kwa uhakika wote wa mtu ambaye hakuona. Akakuinamia wewe.

"Mama, sema kweli. Ulikula?"

"Batoto balikula," ulinong'ona. Kisha ukaninyooshea kidole. "Na uyu."

Sukari yako haikupanda, ilishuka, akasema Mama Béa, nasi tukakunywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko. Ulipopata nguvu, ulilalamika kwamba tumemaliza sukari ya nyumba.

Kurasa zilizoeleza jambo hilo hazikuwemo kitabuni mwangu; karanga zilikuwa zimeziwahi. Nilizisoma kwingine, miaka baadaye. Katika kongosho kuna seli zenye milango midogo ya kutolea potasiamu. Chakula kikichomwa ndani ya seli, hupatikana molekuli za nishati, ATP, na hizo ndizo zinazoifunga milango. Potasiamu ikibaki ndani, umeme wa seli hubadilika (hapo fundi wa redio niliamka), kalsiamu huingia, na insulini hutoka kushusha sukari. Mtu akiwa na njaa, nishati hupungua, milango hubaki wazi, seli hunyamaza. Kidonge chako hakina adabu hiyo. Kinafunga milango hata kama tumbo ni tupu.

Kwa hiyo kilidanganya mwili wako kwamba umekula, na wewe ukatudanganya sisi vilevile. Mwili uliugundua uongo mapema. Sisi tulichukua muda.

Tangu siku ile hukumeza kidonge kabla hatujakuona ukitafuna. Ulituita polisi wa kinywa, ukaishi miaka mingi mingine ya kutugombeza, na hao batoto leo wana watoto wao.

Mimi nilikuwa mtu mzima, mama, mwenye ndevu. Zamu yako niliila nikiusifu utamu wake, na sikukuuliza ilitoka wapi. Asante. Ningependa ungesema, tukagawana.

Mwana wa mudogo wako