Vikombe vya Shaba vya Thayne

Ranchi ya Tumble Bar, Mto Salmon
13 Januari 2016

Mdogo wangu Thayne,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima. Nyumbu wetu wa mizigo nao wazima, ila mmoja amerudi na alama za makucha ya puma ubavuni. Shemeji yako Garn bado yuko Boise akiuguza nyonga yake mpya, kwa hiyo tuliobaki huku ni mimi na bastola ya baba.

Nimesubu risasi kwa ile kalibu ya kumiminia madini ya moto uliyonipa Krismasi. Badala ya kuzipaka mafuta, nimezitikisa koponi na rangi ya unga, nikazioka kwenye tanuri bovu la bandani. Zimetoka nyekundu kama pipi, na usianze kucheka. Sasa niambie, risasi ikishapakwa hivi, bado inahitaji kuvalishwa kikombe kidogo cha shaba takoni? Kuna wanaosema rangi peke yake inatosha kuikinga na moto wa baruti. Sitaki mtutu ugandwe na madini halafu bastola ipige pembeni siku puma yuko zizini.

Nijibu kwa ndege ya posta ya Jumatano.

Dada yako,
Verla

Blackfoot
16 Januari 2016

Dada Verla,

Salamu zako nimezipokea. Mgongo unauma, lakini unauma kwa adabu. Mpe Garn pole.

Vikombe ni lazima. Rangi ya unga ni ya mageti na baiskeli. Baba hakupiga risasi ya kusubu bila kikombe, na mtutu wake ulikuwa unang'aa mpaka anazikwa. Nakutumia kopo zima pamoja na kibanio. Kila risasi ivalishe, ubane kwa nguvu. Na safari hii, tafadhali, fanya kama ulivyoambiwa.

Mdogo wako,
Thayne

Blackfoot
23 Januari 2016

Dada,

Sina muda wa salamu, utanisamehe. Kama umeshavibana vile vikombe, usipige hata risasi moja.

Leo nilikuwa uwanja wa shabaha najisifu jinsi nilivyokuelekeza. Arlene Tolman, yule anayefundisha wageni kulenga, akauliza ni kalibu ipi. Nikamtajia. Akaniangalia vibaya sana.

"Hiyo kalibu inatoa tako bapa, Thayne. Haina kidato, ule mkato mwembamba wa chini. Kikombe kitashika wapi?"

"Si unabana kwa nguvu?"

"Bana mpaka utoe jasho. Kitachomokea ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ikikikuta humo, bastola inampasukia mtu mkononi. Umemwambia nani afanye hivyo?"

Nikamwambia ni dada yangu. Arlene akaketi.

Kalibu nilikupa mimi na vikombe nimekupa mimi, na sikukumbuka kutazama kama vinaendana. Nimekuita redioni tangu mchana na hujibu.

Thayne

Blackfoot
4 Februari 2016

Dada Verla,

Nakuomba uwe mzima. Mawingu yameziba bonde na ndege haijaruka tangu ile iliyokuletea kopo. Barua yangu ya kukukataza bado imelala posta, ila vikombe unavyo. Rubani amenifukuza uwanja wa ndege. "Nikiruka leo mtazika wawili," ameniambia. Redio yako kimya. Wenye helikopta wanasema hawawezi kuruka kwa ajili ya kikombe cha shaba tu.

Nakiona kiganja chako kila nikifumba macho. Maisha yangu yote nimekuwa nikikuamrisha kama vile mkubwa ni mimi. Ukinijibu, nitukane utakavyo.

Mdogo wako,
Thayne

Tumble Bar
10 Februari 2016

Mdogo wangu mpenzi,

Vidole vyangu kumi vyote viko, na macho mawili. Pumua kwanza.

Ndege imetua asubuhi na barua zako mbili. Nimezisoma nikiwa nimesimama, ikabidi nikae, nikacheka, halafu nikalia kidogo kwa ajili yako. Betri ya redio iliganda kwa baridi, ndiyo sababu ya ukimya wote huo.

Nilivibana vikombe vitatu. Kimoja kikadondoka mapajani kabla sijaiweka risasi chini. Nikajiambia, huyu ndiye Thayne aliyeniapia utotoni kwamba barafu ya mfereji itatubeba sote wawili, tukatumbukia. Nikavivua na vile viwili, kopo nikaliweka juu ya kabati.

Nikapiga zile nyekundu zisizo na vikombe kwenye mfuniko wa jiko la zamani. Zote zimekwenda nilikozipeleka. Nikachungulia mtutu kwa tochi: safi, hakuna hata uzi wa madini. Kwa hiyo jibu la swali langu nimelipata mwenyewe. Kwa kasi ya risasi za bastola hii, rangi inatosha, mradi risasi iujaze mtutu sawasawa. Puma alikuja wiki iliyopita. Nilipiga mbili zikapita juu ya kichwa chake, na tangu hapo hajaonekana.

Kwa hiyo lala, Thayne. Sina kinyongo nawe.

Dada yako,
Verla

Blackfoot
7 Machi 2016

Dada Verla,

Hujambo, na Garn ameanza kutembea? Sisi huku wazima kabisa.

Ile kadi ya mistari miwili niliyokutumia haikutosha, najua. Barua yako niliifungulia pale pale posta, nikaisoma mara mbili kabla ya kuwasha gari. Tangu siku hiyo nalala vizuri.

Jana ilikuwa Jumapili ya ushuhuda. Unanijua, sijasimama mbele ya kanisa tangu harusi yangu. Jana nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi mazuri, yakanipotea yote. Nikasema namshukuru Mungu kwa kunipa dada asiyenisikiliza. Watu wakacheka, Arlene akicheka kuliko wote. Mimi nikalia pale pale mbele yao, na wala sikuona aibu.

Mdogo wako,
Thayne