Mbegu za Ulezi Kutoka Mkononi Mwako

Mama Ferista binti Lusubilo, mwaka umetimia tangu tulipokulaza katika udongo wa Ikinga, Juni 1953. Kibuyu chako cha mbegu bado kinaning'inia juu ya meko. Kimeshushwa mara moja tu, na ndiyo sababu tunakuandikia.

Ulikuwa mkali kwa panya na mpole kwa watu. Kanisani uliimba kwa sauti ya kuwashinda wote huku ukipotea njia ya wimbo, nasi tukiona haya. Leo ibada imepoa, tunatamani upotee tena. Jirani aliyeishiwa mbegu ulimpa kabla hajamaliza salamu.

Lakini hukuzaa, na watu hawana dogo. "Ferista hakubarikiwa," walisema. Ulisikia, ukaendelea kupepeta ulezi wako. Dada yako alipofariki ulimfunga mwanawe Jenista mgongoni, ana meno mawili tu, ukamlea hadi akaposwa na Ipyana.

Kwetu bibi harusi hupewa konzi ya mbegu za ulezi na mwanamke aliyezaa, akazipande kwa mumewe. Siku ya harusi ya Jenista ulipoinuka na kibuyu chako, Elizabeti, mama mkwe wa Jenista, aliuliza mbele za watu, "Mkono usiozaa utambariki nani?"

Ukarudi ukajificha kwa wapishi. Jenista akaketi chini na shela yake. "Siendi. Mama, nibariki wewe."

Ukatoka kwa wapishi ukammiminia mkononi, nusu ya mbegu zikamwagika. Ukamwambia, "Mwanangu, Mungu hakunipa tumbo, alinipa mgongo. Nao ulikutosha. Baraka yangu ni hiyo, ichukue."

Miaka minne ikapita Jenista hajapata mtoto. Watu wakasema ni mkono wako, na maneno hayo yakakukondesha. Hata kitandani ulimwuliza, "Mwanangu, nilikuharibia?" Akasema hapana, ukageukia ukutani. Uliondoka bila kuamini, na hilo limetuuma mwaka mzima.

Sasa sikia, mama. Mvua za Januari Elizabeti aliteleza akavunjika mguu. Ipyana alikuwa safarini. Jenista alimbeba mgongoni, akateremka naye mlima wote hadi zahanati, bibi yule akilia njia nzima, nasi hatujui ni mguu au ni aibu.

Mwezi uliopita Elizabeti alimwoza bintiye wa mwisho. Wanawake waliozaa walijaa ua mzima. Aliwapita wote kwa mkongojo wake, akasimama mbele ya Jenista, ambaye hadi leo hana mtoto.

"Kalete kibuyu cha mama yako," alisema. "Mbegu utatoa wewe. Mimi nimebebwa na mgongo huo, naijua baraka yake."

Tunaokukumbuka ni mumeo Boazi, binti yako Jenista, mkweo Ipyana, na Elizabeti, aliyeomba mwenyewe jina lake liandikwe hapa.

Siku zetu zote tutakutaja. Lala, mama. Hukumharibia kitu.