Kigoda cha Nyanya na Koti Langu

Leeds, Uingereza
Tarehe 17 Novemba, 1956

Kwako kaka yangu mpendwa Mwandawiro,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako anayeishi mbali na jua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vinagoma kushika kalamu kwa baridi. Je, wewe? Kifua kimetulia? Wifi Edith hajambo, na watoto? Mvua imefika huko kwetu Mbololo, au mbegu bado zinaungojea udongo ulowe?

Kikohozi chako kinaninyima raha. Baba aliniandikia kwamba dawa za hospitali zimeshindwa, na kwamba wazee wameanza kuuliza nani katika ukoo anakuwekea hasira, maana hasira ya ndugu humtia ndugu ugonjwa. Baba ni mzee wa kanisa, lakini hata yeye aliniuliza. Nilimjibu kwamba mimi sina neno moyoni.

Jana hatukuwa na masomo, basi nikavaa lile koti ulilonipa, nikatoka kuutazama mji. Nilianzia sokoni. Soko lao lina paa la vioo na ni kubwa kuliko stesheni ya Voi, lakini wauzaji ni wale wale wetu. Mama mmoja wa kabeji anaisifu mali yake kwa sauti kubwa na kumsengenya jirani yake kwa sauti ndogo. Nilimkumbuka Katuku wa Miasenyi, ambaye ukimwuliza bei ya ndizi, kwanza anataka habari za mama yako. Hapa ukigusa tunda tu unakemewa.

Kutoka hapo nikaingia makumbusho, tena kwa maringo, maana kuingia ni bure. Kaka, ungecheka. Viti vizuri vya watu waliokufa zamani vimefungwa kamba kama mbuzi, mtu asije akavikalia. Ndani ya kabati la vioo niliona vibuyu na kijiko cha mti, vimeandikwa Afrika Mashariki, basi. Jina la aliyekula kwa kijiko kile halipo. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilikuwa ninakifikiria kigoda cha Nyanya, kile alichoniachia mimi kabla hajafa, nilichokuwa nikikalia jikoni nikipukuchua mahindi huku yeye akinisuta kwa uvivu wangu. Kigoda ambacho wewe ulimwuzia Mzungu mpita njia pale Voi, ukaninunulia koti hili.

Nikarudi kwa miguu, na katika kichochoro nikaliona duka la vitu vya zamani, lenye saa zisizotembea na vikombe visivyo na wenzao. Nyuma ya kabati palikuwa na kigoda cha miguu mitatu. Nilikipindua haraka nitafute alama ya moto, pale Nyanya alipokisahau karibu na mafiga. Haikuwepo. Mwenye duka, mama mtu mzima, akaniambia kilikuwa cha mama yake, aliyekikalia akikamua ng'ombe. Anakiuza ili mwanawe apate nauli ya kwenda Australia, lakini kila mteja akiingia, anajikuta anakisukuma nyuma ya kabati.

"Kikiuzwa nitalia," aliniambia. "Kisipouzwa, mtoto haendi."

Kisha akaniambia nikae. Nikakaa, magoti karibu na kidevu, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Nilikumbuka chakula chetu cha mwisho jikoni kabla sijasafiri. Sote tuliketi, wewe ukala umesimama, umeipa mgongo ile pembe kilipokuwa kigoda. Wakati ule nilidhani una haraka.

Sasa nikuambie ukweli. Nilimdanganya Baba. Tangu treni ilipoondoka Voi nimekuwa nikikukasirikia. Kila nilipofunga vifungo vya koti hili nilisema moyoni kwamba umeuza kitu changu bila kuniuliza, na joto lake nikalipokea vivyo hivyo bila haya.

Nilirudi sokoni nikanunua chupa ya maji ya matufaha. Nyuma ya meza ya kabeji nikajaza kinywa, nikayapuliza chini, kama Nyanya alivyotasa siku ile alipopuliza kinywaji chini na kuiachilia hasira aliyokuwa nayo kwa Baba. Nikasema kwa Kidawida, "Mwandawiro, nilikukasirikia. Hasira hii naitoa, ianguke hapa, isikufuate. Upone." Yule mama wa kabeji alidhani ninatapika, akanipa kitambaa chake. Mwambie Baba yote. Mchungaji mwache kwanza.

Sijui kama maneno yaliyosemwa huku yanavuka bahari, ndiyo maana nayaandika pia.

Nisalimie Baba na Mama, Wifi Edith, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Usihangaike kunitafutia kigoda kingine. Nikirudi nitakuja na koti hili, tulitandike katika ile pembe ya jikoni, nawe ukae.

Ni mimi dada yako, ambaye sasa kweli sina neno moyoni,

Dinah