Jenerali na Maseri pa Kitunga Yangu ya Samaki

Lelo siku ya ine. Baridi ya asubui ilinifika mpaka mu meno, vumbi ya njia ya Mashamba imenijaa mu masikio, mais roho iko safi. Nimeshinda bakunguru babili. Cheka tu, weye haujaibiwaka na kunguru.

Mi nauzisha samaki mukavu pa njia kwenye bakreseri, bale bijana ya kuchimba mawe ya madini, banapita asubui. Pembeni yangu kuko Mama Kapinga na mikate yake ya mafuta. Mama wa Kasai, mutu wa kanisa, mupole sana. Mais kunguru akigusa mukate, upole inaisha.

Siku ya pili alinisimamia mbele, mikono ku kiuno. "Tata, hii ndege inafwata samaki yako, kisha inakuja kumalizia kwangu. Kama mpaka siku ya ine ningali nafukuza ndege, siku ya tano natia dawa ya panya mu mukate."

"Na kreseri akiokota ule mukate, Mama?"

"Utamuzika weye."

Kreseri mumoja akasema eti, sawa, atakufa tumbo ikijaa. Tulicheka bote. Mais miye nikajiambia: ile dawa haitawekwa.

Juu ya nini? Bale bakunguru minabapenda.

Wa kwanza ni Jenerali. Hapigi hodi. Anavuta, anapindua, anatukana. Kama kitu haipatikane mbio mbio, anaenda kusumbua mutu mwingine. Wa pili nilimuita Maseri, kama sista wa kanisa: shingo mweupe, mwendo kama anatoka ku misa. Ule anakaa ku ukuta, anaangalia tu.

Mi nilijua mwizi ni Jenerali. Ile siku ya pili nikafunika kitunga na mufuko, nikafunga fundo ya bakreseri, ile banafungaka mifuko ya mawe kusudi isifunguliwe mu njia. Iko fundo ya kushinda mwizi wa haraka: ukivuta nguvu, inajikaza. Jenerali alivuta mpaka akaanguka matako chini. Nikaenda kukojoa na furaha yote.

Kurudia, fundo imefunguka. Maseri eko na kichwa ya samaki mu mudomo.

Hakuvuta nguvu, ule. Kidogo huku, anaacha, kidogo kule. Hata miye haningefungua muzuri vile.

Jana, siku ya tatu, kreseri mumoja anaweka kaske yake nyekundu, ile kofia ngumu ya kazi, juu ya kitunga, anakula. Maseri hakushuka. Asubui yote ku ukuta! Jenerali, yeye, akakaa juu ya kaske kama ni kiti yake. Njo nikaelewa: mwenye akili ya fundo eko na woga ya kitu mupya, na mwenye hana woga hana uvumilivu. Nikamuomba kaske, akaniachia. Fundo ya Jenerali, kaske ya Maseri.

Mais lelo asubui Maseri alishazoea kaske, akaanza kusogea. Mbio nikatoa kaske, nikatundika kopo ya maziwa. Fyuu, ku ukuta! Mpaka jua inashuka, hakuna samaki ilitoka, hakuna mukate iliguswa.

Nikajiangalia na miye. Masomo nilivuta nguvu, ikajikaza, nikaacha. Pikipiki ya kubeba batu, kuuzisha makala ya Mutshatsha, sasa samaki: kila fasi nafika wa kwanza, naondoka wa kwanza. Bibi yangu, ule nilioa, ni kama Maseri: anakaaka ku ukuta, anaangalia, kisha anashuka mara moja.

Njo maana tungali na nyumba.

Wakati ya kufunga, Mama Kapinga akanikaribia. Alifungua kitambaa yake ya kichwa, ya njano, akanitupia. "Ya kutundika kesho. Na isinuke samaki, tata!" Dawa ya panya imerudia kwa panya.

Kesho kitambaa. Na kesho kutwa, siku ya posho? Nikikosa kitu mupya, nitatundika suruali yangu. Maseri atakimbia, bakliya, batu ya kununua samaki, batakimbia, Jenerali peke yake njo atabakia.