Nondo wa Kwenye Friji

Saltby, Essex
14 Oktoba

Mpendwa dada yangu Winnie,

Hujambo huko Kanada? Goti lako sasa linakubali ngazi? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu, dada, haupo mahali pake.

Lile konde nyuma ya nyumba, alikotufundisha baba majina ya vipepeo, wanataka kulijenga lote. Kamati ya halmashauri inakaa kesho kuamua. Tumaini letu lilikuwa moja tu, nondo wa shamari-mwitu, yule mdudu adimu anayelindwa na sheria. Akithibitishwa kuwa anaishi pale, hapajengwi kitu.

Basi jana asubuhi nikafunua sanduku la taa la kunasia nondo: yumo, ametulia kwenye trei ya mayai tunayowawekea wajifiche! Nikamtia kikoponi, nikamweka kwenye friji kando ya jibini ili baridi imtulize asijichoshe, kama kawaida yetu. Picha haisaidii, maana ana mwenzake anayefanana naye mno. Bwana Ormerod, mtambuzi wa nondo wa hapa, alitaka amwone mwenyewe, angekuja saa kumi kunywa chai.

Nikatoka kununua keki. Kurudi, namkuta Desmond wangu bustanini, uso umemshuka. Alifuata maziwa kwenye friji, akamsikia nondo akipapatika kikoponi.

"Nilimhurumia, Edie. Nikamtoa apate jua kidogo tu."

"Yuko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye mpini wa sepeto. Kale kandege kake kenye kifua chekundu, anakokalisha mkononi kila siku, kalikuwa kanajipangusa mdomo.

Jamani, Winnie! Nilimtukana mume wangu matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Bwana Ormerod alipofika akaligeuza bawa moja lililobaki, akasema, "Kwa hili siwezi kuapa mbele ya kamati, Bi Edie." Hata keki hakuigusa.

Nisalimie shemeji Gordon na mwanangu Phyllis. Mungu awape afya, na awaepushe na wiki kama hii yangu.

Mvua inanyesha ninapoandika. Desmond yuko kondeni, ameifunika taa kwa mwavuli, mwenyewe analowa chapachapa. Kila kidudu kikitua anapaza sauti: "Edie, njoo! Ndiye huyu?" Natoka, natazama. Siye. Namwambia, "Vumilia, mzee wangu." Sina moyo wa kumwambia kwamba yule wa jana mabawa yalishachakaa, ishara kwamba msimu wao umekwisha. Ananiita tena, ngoja niende.

Mdogo wako akupendaye,
Edie