Kikopo cha Bartolomayo, na Hiki Changu

Mwaka umetimia, Bartolomayo, Baba Loisi wangu, tangu tukuzike hapa kijijini Zuzu, na mimi mkeo bado naamka nikisikiliza kama utakohoa.

Ulikuwa fundi wa kupogoa mizabibu, watu wakikufuata kutoka mbali. Asubuhi ulisalimia mbuzi kabla ya watu. Nikilalamika unajibu, "Mbuzi wananiitikia haraka, wewe unanuna kwanza."

Kikohozi kilipoanza tulisema ni vumbi la kupura uwele. Ukakonda, ukalowesha shuka kwa jasho, tukasema ni uzee. Mhudumu wa afya alipokuletea kikopo cha makohozi, uliniambia, "Mama Loisi, wakinikuta na kifua kikuu, wazee wenzangu watanipa kikombe cha peke yangu." Kata ya pombe mliizungusha mdomo kwa mdomo tangu ujana. Nilikuelewa. Nikakuachia kikopo chako.

Kumbe kikopo ulimpa mdogo wako Gerson akateme yeye. Majibu yakaja safi, tukatoa shukrani kanisani. Miezi minne baadaye, hospitali ya mjini, daktari aliinua picha ya kifua chako akauliza, "Mzee, makohozi yale yalikuwa yako kweli?" Ukamtazama Gerson. Gerson akatazama viatu vyake.

Dawa ulizimeza siku tisa tu, kifo kikakuwahi.

Haya yanaandikwa kwa ruhusa ya Gerson mwenyewe. Alisema, "Shemeji, andika. Kuna mzee mwingine kashika kikopo sasa hivi."

Ulipoondoka tulipimwa wote, tukaambiwa wazima, nikadhani yamekwisha. Sasa nakuambia jambo ambalo binti yetu Loisi atalisoma katika kumbukumbu hii kwa mara ya kwanza. Wiki ya tatu hii nakohoa. Nami nilisema ni vumbi! Juzi mjukuu wetu Edina, ambaye tangu ufe analala nami kitanda kimoja, kaniambia, "Bibi, unakohoa kama Babu."

Naogopa, Baba Loisi. Naogopa majibu, na zaidi nakihofia kile kifua kidogo kilichokuwa kikipumua mgongoni kwangu usiku kucha. Nimemtandikia chumba kingine. Ananiuliza amekosa nini.

Kikopo changu kipo dirishani, bado kitupu. Kesho kabla ya chai nitatema mwenyewe, halafu Gerson atatupeleka zahanati, mimi na Edina, ili mtoto naye apimwe. Ningetamani uwe hapa unitanie kidogo.

Na wazee wenzako nimewauliza. Wamesema wasingekunyima kata.

Unakumbukwa na mimi mkeo Emiliana, binti yako Loisi, mdogo wako Gerson na mjukuu wako Edina. Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa, na mimi naomba ziwe nyingi.