Daktari wa Kwenye Runinga

4 Februari

Mwanangu,

Salamu tele. Kifua chako kimepona? Mimi sijambo kabisa. Kuna daktari wa kwenye runinga, koti jeupe, sauti tamu, anasema kisukari kinapona moja kwa moja kwa unga wake, na vidonge vinachosha mwili bure. Nimeagiza kopo, vidonge vyangu vya sukari nimetupa. Jirani mshonaji ananuna, eti nimepotoshwa. Wivu tu!

Mama yako

15 Februari

Mama,

Shikamoo. Kifua kimetulia. Ila barua yako imenifanya niharibu geti la mtu, nachomelea huku nakuwaza wewe. Mama, yule anauza. Hajawahi kukupima. Ukizidiwa utamwita kwa rimoti? Rudi kliniki, nakuomba.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kweli nilinuna, ndiyo maana nilikaa kimya. Halafu kiu ikanishika, nikawa namaliza ndoo. Macho yakaingia ukungu. Siku moja nikalikaribisha ndani koti lililotundikwa mlangoni, nikaliuliza na habari za watoto. Jirani alicheka, alipoona sitanii akalia, akanikimbiza hospitali. Sukari ilikuwa imepanda vibaya, nikalazwa. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwamba sitakuona tena.

Muuguzi hakunigombeza. "Mama, ukisikia dawa mpya, njoo tuulizane kwanza. Vidonge usiache." Nimevirudia. Macho yamepona, naoka mikate yangu.

Jana kliniki, bwana sauti tamu katokea kwenye runinga ya ukumbini. Mzee mmoja, fundi saa, akaanza kunakili namba ya kuagizia. Nikasimama mbele ya runinga, na mwili wangu unaujua, hakuna aliyeona hata sikio la daktari. Nikawasimulia kisa cha koti. Watu walicheka mpaka wagonjwa wa meno wakaja kuchungulia. Mzee akachana karatasi yake, akaniuliza, "Mama, nyumbani una mume?" Ana meno mazuri, yule mzee. Na sauti ya upole.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Nimepata likizo, nakuja. Ila mbona umesifu meno ya huyo mzee, halafu hukusema ulimjibu nini?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Njoo umuulize mwenyewe. Yuko jikoni hapa, unga mpaka kwenye nyusi, namfundisha kukanda.

Mama yako